Delestaji (mgao wa umeme) si sawa na kuchomoa prizi: kisa cha diski mbili katika sekretaria moja ya Bukavu

Kompyuta inayohusika ni ya mezani, ya sekretaria moja ya Ibanda, mjini Bukavu, Kongo: kibanda cha kuchapa, kufotokopi na kufunga kazi za wanafunzi. Ni okazioni ya Ulaya, yaani iliyokwisha tumika huko, kasha la ofisi la ukubwa wa kati, na ndani yake mlikuwa na diski moja ya kuzunguka ya inchi 3.5, gigabaiti 500. Kila kitu kilikaa humo: Windows 10, TFC (kazi za wanafunzi za kumaliza masomo) za miaka sita, barua za wateja, mifano ya mikataba ya nyumba, programu za misa za arusi. Nakala ya pembeni haikuwepo, isipokuwa flashi moja ya gigabaiti 16 iliyokuwa ya kubebea kazi, si ya kuzitunzia.

Mashine ilikuwa imechoka. Mteja angeweza kwenda kununua mandazi na kurudi kabla Word haijafunguka. Mama mwenye sekretaria akanunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya inchi 2.5, gigabaiti 240, akamwita fundi. Fundi alikuja mara mbili. Ijumaa jioni aliiweka SSD, akasimika Windows upya juu yake, na diski ya zamani akaiacha ndani kwa ajili ya mafaili. Kompyuta ikaanza kuwaka kwa sekunde ishirini na kidogo, watu wakapiga makofi. Jumanne alirudi kwa sababu kasha lilikuwa linanguruma kama kinu. Trei pekee ya kushikia diski alikuwa amempa SSD; ile ya zamani ilikuwa imelazwa tu chini ya kasha, bila skrubu hata moja.

Jumanne hiyo umeme ulikatika saa kumi na moja na nusu jioni. Fundi akaona hiyo ndiyo nafasi: kuran (umeme) haipo, hatari haipo. Akafungua ubavu wa kasha, akaitoa diski ya zamani na nyaya zake zote mbili zikiwa bado zimechomekwa, akaiegemeza kwenye ukingo wa bati ili aone matundu ya skrubu. Saa kumi na mbili na kitu taa zikarudi. Hakuna aliyegusa kitufe, lakini feni zikavuma na diski ikaanza kuzunguka palepale ukingoni. Fundi akakimbilia nyuma ya meza kuchomoa prizi; kiwiko kikaigonga diski, ikaanguka juu ya mbao za meza. Kimo chenyewe hakikufika sentimita 15.

Baada ya hapo kompyuta haikuwaka tena. Skrini ilionyesha maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuanzia, na ndani ya kasha kukasikika tak, tak, tak, kimya, halafu tak tena. Hukumu ikatolewa papo hapo: "Mama, ni kuran ndio ilichoma hii diski. Ilirudi na nguvu." Majirani wakaafiki. Bukavu maelezo hayo hayakosi mashahidi.

Kwa nini si kuran

Umeme unaorudi kwa kishindo unaharibu vitu kweli, hilo halibishaniwi. Lakini unaacha alama zake, na hapa hazikuwepo.

Diski ya inchi 3.5 inalishwa kwa volti mbili: 12 kwa ajili ya mota na 5 kwa ajili ya saketi. Kwenye ubao wake, karibu na mahali pa kuchomeka waya, kwa kawaida kuna diodi mbili za ulinzi, moja kwa kila volti. Volti ikipita kiasi, diodi hujitoa mhanga: inaungua na kuunganisha njia hiyo na ardhi. Diski iliyopatwa na hayo haigongi. Inakuwa bubu kabisa, na mara nyingi kompyuta nzima inakataa kuwaka mpaka uichomoe. Diski inayozunguka na kugonga tak-tak imeshapata umeme wake. Inachogombana nacho ni kichwa kinachotafuta njia juu ya sahani na kutoiona.

Ushahidi wa pili ulikuwa SSD. Ilikuwa kwenye tawi lilelile la waya wa kulisha, na ilipojaribiwa peke yake kwenye mashine nyingine ilisomeka yote. Ushahidi wa tatu ni mita. Kwenye ncha ya kulisha diski, kati ya waya wa njano na mweusi mita ilisoma 12.1, kati ya mwekundu na mweusi 5.0. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini, yaani kuanzia 11.4 hadi 12.6 na kuanzia 4.75 hadi 5.25. Kikasha cha umeme kilikuwa kizima.

Kilichoiumiza diski ni ule mwanguko wa sentimita 15. Diski isiyozunguka ni ngumu kuliko watu wanavyodhani: watengenezaji huandika kwamba ikiwa imezimwa inavumilia mshtuko wa G 300 hivi (mara 300 ya nguvu ya uvutano wa dunia) au zaidi, kwa muda wa milisekunde 2. Ikiwa inafanya kazi, kiwango hicho kinashuka hadi kati ya G 30 na 80. Tofauti hiyo inatokana na mahali vichwa vilipo. Diski ikiwa imelala, vichwa vimeegeshwa pembeni. Ikiwa inazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, vichwa vinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na mbao za meza zinarudisha pigo bila huruma. Diski ileile, kimo kilekile, ingeanguka dakika moja kabla ya taa kurudi, pengine isingepata hata mkwaruzo.

Kompyuta iliwakaje yenyewe

Hapa ndipo kiini cha kisa. Fundi hakuwa mzembe wa kufungua mashine inayofanya kazi; kwa macho yake ilikuwa imezimwa. Ila waya wa nyuma ulikuwa bado ndani ya multiprizi, na multiprizi ndani ya ukuta. Delestaji ilikuwa imefunga bomba huko mbali. Yeye hakuwa amefunga chochote, na wa kulifungua tena alikuwa mtu asiyejua kwamba pale Ibanda kuna diski ukingoni mwa bati.

Kompyuta za ofisi zina kipengele ndani ya BIOS (programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa) kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Jina linategemea mtengenezaji: AC Recovery, After Power Loss, au kitu cha namna hiyo. Chaguo ni tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudie hali iliyokuwa nayo. Hii ilikuwa imewekwa iwake. Huenda ofisi ya kwanza huko Ulaya iliitaka hivyo, na hakuna aliyeigusa tangu ifike. Mama alikuwa ameshazoea kuona kompyuta ikiamka na taa. Alidhani ndivyo zote zilivyo.

Hata pasipo kipengele hicho, kompyuta iliyozimwa kwa kitufe lakini imechomekwa ina volti 5 za akiba zinazotembea kwenye ubao mama muda wote. Taa ndogo ya kijani au ya machungwa iliyo kwenye ubao inawaka kwa umeme huo. Skrubu ikidondoka juu ya ubao wakati huo, unaweza kupoteza zaidi ya diski.

Na kama kuna ondilere (UPS, kifaa cha kushikilia umeme kwa betri) yenye betri nzima, mambo ni mabaya zaidi: mtaa uko gizani, lakini prizi ya kompyuta ina umeme kamili. Bahati ya sekretaria hii ni kwamba betri ya ondilere yao ilikuwa imekufa zamani, ikabaki kuwa multiprizi nzito.

Kuna ushauri unaosomwa sana kwenye mtandao kwamba uiache prizi ukutani na uzime swichi ya nyuma tu, ili kasha libaki limeunganishwa na ardhi. Ushauri huo uliandikwa kwa nyumba zenye waya wa ardhi. Pale ambapo prizi ina matundu mawili tu, au lile la tatu halijaunganishwa na kitu, kasha halina ardhi yoyote ya kulindwa nayo. Tena ndipo bati linapokutekenya vidole ukiligusa: kondensa za kuchuja ndani ya kikasha cha umeme hulipa kasha karibu nusu ya volti za ukutani, mkondo mdogo sana, lakini si kitu cha kuwa nacho mkononi ukishika saketi. Chomoa kabisa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde 5 hadi 10. Feni inaweza kutikisika kidogo, hiyo ni akiba ya mwisho inayoisha. Shika bati tupu la kasha kwa mkono wote, ndipo uguse kilichomo ndani. Kwa hewa ya pembeni mwa ziwa umeme wa nguo si tatizo la kila siku, ila kiangazi cha Juni hadi Agosti ukiwa na sweta ya sufu, usiruke hatua hiyo.

Kama diski ilikuwa inazunguka, subiri nusu dakika baada ya kuchomoa kabla ya kuisogeza. Sahani zinahitaji muda kusimama, na ukiwa na masikio mazuri utazisikia zikifa pole pole.

Mtu anaweza kuuliza: si SATA, kiunganishi cha diski hizi, iliundwa ichomekwe na kuchomolewa umeme ukiwepo? Ndiyo. Baadhi ya pini za ardhi kwenye ncha yake ni ndefu kuliko nyingine ili ziguse kwanza, na ubao ukiwa umeruhusiwa kwenye BIOS, mfumo unaivumilia diski inayokuja na kuondoka. Lakini hilo linalinda saketi. Halina msaada kwa sahani zinazozunguka mkononi mwa mtu.

Kosa la Ijumaa

Maandishi meupe ya "hakuna diski ya kuanzia" yalimshangaza fundi kuliko ile tak-tak. Windows iko kwenye SSD, SSD ni nzima, kwa nini basi haiwaki?

Jibu liko Ijumaa. Aliposimika Windows kwenye SSD, diski ya zamani ilikuwa bado imechomekwa. Kisimikaji cha Windows kikikuta diski nyingine yenye sehemu ndogo ya kuwashia, ile ya EFI, mara nyingi hakijisumbui kutengeneza nyingine. Kinaandika faili zake za kuwashia kwenye ile iliyopo. Basi nyumba ilijengwa kwenye SSD, ufunguo ukabaki mfukoni mwa diski ya zamani. Siku nne kila kitu kilikwenda vizuri kwa sababu wote wawili walikuwepo. Ndiyo maana mafundi wazoefu wanachomoa kila diski isipokuwa ile inayosimikiwa, wanamaliza, wanazima, ndipo wanarudisha nyingine. Ni dakika mbili za kazi.

Marekebisho yake hayahitaji kusimika upya. Waya wa diski mbovu ulichomolewa, mashine ikaanzishwa kwa flashi ya Windows, na kwenye dirisha jeusi la amri (Shift na F10) yakafanyika haya:

diskpart
list disk
select disk 0
list volume
select volume 1
shrink desired=300
create partition efi size=300
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Namba za diski na volyumu, na herufi C, si za kunakili kama kasuku. Ndani ya flashi Windows yako inaweza kuitwa D au E. Tazama orodha kwanza, linganisha ukubwa. Katika kisa hiki SSD iliwaka peke yake mara ya kwanza baada ya hapo.

Kuokoa yaliyomo

Diski inayogonga haijaribiwi mara kumi ili kuona kama imepona. Kila kuwashwa ni vichwa vilivyoumia kupita tena juu ya sahani zilizoumia. Usiendeshe chkdsk, kwa sababu kazi yake ni kutengeneza mpangilio wa mafaili, na itaandika juu ya diski inayokufa. Usiiweke kwenye friji. Usifungue mfuniko kuangalia ndani, hata kama kuna mtu aliwahi kufanya na ikakubali.

Hii ilikuwa na nafuu moja: iligonga mara kadhaa, kisha BIOS ikaitambua kwa jina na ukubwa sahihi. Isingetambulika kabisa, programu yoyote ingekuwa bure; hapo ni vichwa kubadilishwa katika chumba kisicho na vumbi, na uamuzi wa mwenye mali kama kazi zake zina thamani ya gharama hiyo.

Iliunganishwa kwa SATA moja kwa moja kwenye kompyuta nyingine ya mezani, si kwa kiunganishi cha USB, maana vingi vya hivyo hukata mawasiliano vikikutana na sehemu isiyosomeka. Mashine ikaanzishwa kwa flashi ya Linux. Kwanza lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, na namba ya diski ikalinganishwa na ile iliyoandikwa kwenye lebo yake. Hatua hiyo si ya kuruka: ukikosea herufi moja, unaweza kuandika juu ya diski nzima. Kisha smartctl -a, inayosoma rekodi ya afya ya diski yenyewe. Sekta zinazosubiri hukumu, kipengele namba 197, zilikuwa mamia. Namba 199, inayohesabu makosa ya waya, ilikuwa sifuri. Kebo ikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Nakala ilichukuliwa kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda diski ya nje ya terabaiti 1, iliyoumbizwa kwa NTFS kwa sababu FAT32 haikubali faili linalofikia gigabaiti 4:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nje/picha.img /mnt/nje/picha.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/nje/picha.img /mnt/nje/picha.map

Amri ya kwanza inakusanya vinavyosomeka kwa urahisi na kuruka penye vidonda. Ya pili inarudi kwenye vidonda mara tatu. Diski nzima ya gigabaiti 500 inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde ingemalizika kwa saa moja na nusu hivi. Hii ilichukua mchana na usiku. Faili la picha.map ndilo linalofanya kazi hii iwezekane kwenye mji wa delestaji: linaandika kila mara limefika wapi, na umeme ukikatika unatoa amri ileile, inaendelea ilipoachia. Hata hivyo weka ondilere yenye betri kweli, kwa sababu diski mgonjwa inayozimika ghafla si lazima iamke tena.

Mafaili yalitolewa kwenye picha, si kwenye diski yenyewe. TFC mbili hazikufunguka, na folda moja ya picha za arusi ikatoka nusu. Mengine yote yalirudi.

Kuzirudisha mahali pake

Diski mpya ya kuzunguka, ya inchi 3.5, ilichukua nafasi ya ile iliyoumia. Makosa mawili madogo ya Ijumaa yalirekebishwa hapo, na yote mawili ni ya skrubu.

Diski ya inchi 3.5 hushikwa kwa skrubu za 6-32, zenye meno mapana na unene wa milimita 3.5 hivi. SSD ya inchi 2.5 hushikwa kwa M3, meno madogo, milimita 3. Kwa macho zinafanana, hasa zikiwa zimechanganyika kwenye mkebe wa maziwa. SSD hii ilikuwa imeshikwa na skrubu moja tu, ya 6-32, iliyolazimishwa. Ilipotolewa ilitoka na unyuzi wa alumini umejisokota kwenye meno yake. Kipimo ni vidole: skrubu sahihi inaingia mizunguko miwili au mitatu bila turnevisi. Ikigoma baada ya nusu mzunguko, si yake. Na kwenye SSD isizame zaidi ya milimita 3, kwa sababu nyuma ya ubati huo kuna saketi.

Trei nayo ilikuwa imepewa diski isiyostahili. SSD haina kitu kinachotembea ndani. Unaweza kuibandika kwenye bati kwa gundi ya utepe wa pande mbili na isijali. Ni diski ya kuzunguka inayohitaji kushikwa kwa skrubu nne, au kwa trei yake ya plastiki, kwa sababu mtetemo wake wenyewe unavitoa vichwa kwenye njia na kuipunguzia kasi, mbali na kelele. Fundi aliipa ile mpya heshima kwa kuwa ilikuwa mpya.

Kebo za SATA zilichomekwa mwisho, kasha likiwa limelala ubavu. Ncha ina umbo la L na inaingia upande mmoja tu. Ikikataa, igeuze, usiisukume. Kwenye kuchomoa, bonyeza kile kibati kidogo cha kufungia kabla ya kuvuta, shika ncha si waya, na uvute moja kwa moja. Ukiinua juu unavunja ule ulimi wa plastiki wa upande wa diski, na hauna kipuri. Waya wa kulisha uwe uleule uliokuja na mashine. Kwenye kompyuta nyingi za ofisi unatoka kwenye ubao mama. Kwenye vikasha vya umeme vyenye nyaya za kuchomoka, usiazime waya wa kikasha kingine hata kama unaingia, maana upande wa kikasha mpangilio wa pini haufanani, na volti 12 zinaweza kufika mahali pa 5. Huko ndiko kuungua kwa kweli.

Mwisho, ndani ya Windows ulizimwa uanzishaji wa haraka kwa powercfg /h off. Ukiwa umewashwa, "Shut down" si kuzima kamili: mfumo unahifadhi sehemu ya kumbukumbu yake pamoja na hali ya diski, na ukihamisha diski ya mafaili kwenda mashine nyingine katikati ya hapo, mpangilio wake unaweza kuvurugika.

Kisha kikabadilishwa kile kipengele cha BIOS, kibaki kwenye kuzimwa. Majaribio yalifanywa kasha likiwa limeshafungwa: kompyuta ikawashwa, multiprizi ikachomolewa ukutani, dakika moja ikapita, ikarudishwa. Taa ya multiprizi ikawaka nyekundu. Kompyuta ikakaa kimya, mpaka Mama alipoibonyeza mwenyewe.